Dumu moja la mawese, vipande mia vya sabuni

Huduma ya jamii katika shule nyingi huanzia kwenye bakuli. Jumatatu linasomwa tangazo mstarini, kila mwanafunzi alete shilingi mia tano. Ijumaa fedha zinahesabiwa. Jumamosi wanafunzi sitini wanaingia wodini na katoni za biskuti, wanapiga picha na kuondoka. Hakuna aliyekwenda na nia mbaya, lakini muuguzi anabaki na biskuti ambazo mgonjwa wa tumbo hatakiwi kula.

Kwa shule za Kigoma bakuli halina sababu ya kuwa njia ya kwanza. Mkoa huu una michikichi na mawese yapo kila soko, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Maabara ya kemia ina mizani. Sabuni inaweza kutengenezwa na wanafunzi wenyewe, nayo ni kitu ambacho watu hapa wanakihitaji kweli. Aliyekuwapo mwaka 2015, kipindupindu kilipoingia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na wimbi la wakimbizi kutoka Burundi, hahitaji kuelezwa thamani ya mikono iliyonawiwa.

Kuna jambo jingine kuhusu michango. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016, mchango wa lazima katika shule za umma umekatazwa, na mtoto asitengwe wala kurudishwa nyumbani kwa ajili yake. Hata ukiuita wa hiari, orodha ya waliotoa ikibandikwa ukutani hiari imekwisha. Na fedha ya kaya za kandokando ya ziwa ina majira yake. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtoto wa Kibirizi anayeombwa mia tano katika wiki kama hizo anaombwa fedha ambayo haipo nyumbani. Mashindano ya darasa gani limechanga zaidi yanapima mifuko ya wazazi, wala hayapimi moyo wa wanafunzi.

Basi anza kwa anayepokea. Wiki sita kabla ya siku ya kupeleka msaada, mwalimu mlezi na wanafunzi wawili waende na barua yenye muhuri wa shule. Kwa hospitali kama Maweni, barua ipitie uongozi, halafu mzungumze na ustawi wa jamii wa hospitali na muuguzi kiongozi wa wodi mnayoikusudia. Kwa makao ya watoto, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Makao yanatakiwa kuwa na kibali chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na yeye ndiye atawaambia ni yapi yanayotambulika. Ulizeni maswali matatu tu: nini kinaisha haraka, nini mmeletewa mpaka kimejaa stoo, na nini hamruhusiwi kupokea. Andikeni majibu mbele ya aliyejibu, asome, aweke sahihi. Karatasi hiyo ndiyo itakayomaliza ubishi baadaye, pale mtu atakapotaka kununua midoli.

Swali la tatu ndilo linaloshangaza wengi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa mfano, msiyapeleke kabisa bila idhini ya wahudumu wa afya. Yanavuruga unyonyeshaji, na nchi yetu ina kanuni zinazodhibiti usambazaji wake. Chakula kilichopikwa nacho kina mipaka. Nguo za mitumba zichambuliwe shuleni: iliyochanika, isiyo na vifungo au yenye harufu isiondoke getini. Nguo usiyoweza kumvalisha mdogo wako siku ya Jumapili usimpelekee mtoto wa mwenzako.

Sasa sabuni yenyewe. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 na ushei, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea: watu hupima kwa lita na vikombe. Sabuni inapimwa kwa uzito. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 142 za kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ili mafuta yote yageuke. Punguza asilimia 5, yaani tumia gramu 135, ili yabaki mafuta kidogo yasiyogeuka na mikono isiungue. Kwa dumu zima ni karibu kilo mbili na gramu 450 za kostiki, na maji lita 6. Maji ya mvua ni bora, maana yenye chumvi nyingi hula povu.

Msianze na dumu. Anzeni na kilo moja ya mafuta, gramu 135 za kostiki na mililita 340 za maji. Ikiharibika, hasara ni ndogo.

Kostiki ndiyo sehemu isiyo na mchezo. Mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kurukia usoni. Mchanganyiko utapanda joto hadi karibu na kuchemka na kutoa mvuke unaokwaruza koo, kwa hiyo kazi ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni. Chombo kiwe ndoo ya plastiki ngumu au chuma cha pua. Sufuria ya alumini haifai hata kidogo: kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Glavu ndefu za mpira, miwani ya maabara, viatu vilivyofunika vidole. Wanaoshika kostiki wawe wawili, wa kidato cha tatu kwenda juu, na mwalimu wa kemia awe amesimama hapohapo. Wa kidato cha kwanza wana kazi nyingi: kutengeneza boksi za kumiminia, kukata, kupanga, kufunga. Ndoo mbili za maji safi ziwe karibu kabla hata pakiti haijafunguliwa. Ikimrukia mtu, vua nguo iliyolowa na umwagie maji mengi mfululizo kwa dakika 20. Msipake siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na safari ya hospitali ianze mara moja.

Acha maji ya kostiki yapoe hadi yawe vuguvugu. Pasha mawese yayeyuke vizuri, nayo yafike vuguvugu hilohilo. Mimina kostiki kwenye mafuta, koroga kwa mwiko wa mbao kuelekea upande mmoja. Kwa mkono huchukua nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo pangeni zamu za dakika tano. Imekuwa tayari inapofanana na uji mzito, na tone likidondoka juu linaacha alama isiyozama mara moja. Wakichoka mapema na kumwaga ikiwa bado nyepesi, mafuta hupanda juu na kostiki hushuka chini. Mche utakuwa laini upande mmoja, na upande wa pili utaunguza.

Mimina kwenye boksi za mbao zilizotandikwa nailoni. Kata baada ya siku moja au mbili, ikiwa imeshika lakini kisu bado kinapita. Vipande vya gramu 250 vitakuwa zaidi kidogo ya 100, na baada ya kingo na vya majaribio hesabu 100. Panga kwenye chanja chenye hewa, visigusane, kwa wiki nne.

Hizo wiki nne ndizo zinazouawa na haraka. Mahafali yamekaribia, mkuu wa shule anataka kuona fedha, sabuni inauzwa ikiwa na siku kumi. Inayeyuka kwenye beseni kwa kufua mara moja, mama aliyeinunua hatarudi, na atawaambia jirani zake. Kabla ya kuuza, chovya kipande kwenye maji safi na upime kwa karatasi ya pH kutoka maabara, inayoonyesha ukali wa sabuni. 9 hadi 10 ni sawa. Ikizidi 11, iacheni wiki mbili zaidi mpime tena. Isiposhuka, mlikosea uzito, na sabuni hiyo haiendi kwa mtu.

Rangi itakuwa ya chungwa kutokana na uasili wa mawese. Jaribuni povu lake kwenye kitambaa cheupe kwanza. Likiacha doa, waambieni wanunuzi wasifulie mashati ya shule. Povu la mawese peke yake ni haba. Mkitaka liongezeke, badilisheni sehemu moja ya tano kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, lakini kumbukeni mise hudai kostiki zaidi: gramu 167 kwa kilo baada ya kupunguza ile asilimia 5. Na msiandike kwenye karatasi kwamba inatibu fangasi au chunusi. Ni sabuni ya kufulia na kunawia, basi. Mkitaka ifike madukani, viwango vya TBS, shirika la viwango, vinahusika, kwa hiyo pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kwa afisa biashara kwanza.

Hesabu ifanywe ubaoni, kila mwanafunzi aliyeshiriki aione. Tuseme dumu ni 70,000, kostiki 12,500, nailoni, kuni na glavu 10,000. Mtaji ni 92,500. Wekeni bei za wiki yenu, hizi ni za mfano. Kipande kikiuzwa 1,500, vipande 62 vinaleta 93,000 na mtaji umerudi. Vinabaki 38. Hivyo 38 ndiyo sadaka, na vinaweza kwenda wodini kama vilivyo kwa ndugu wanaouguza wagonjwa wao na kuwafulia. Napenda mpango huu kuliko kuuza vyote na kupeleka fedha, kwa sababu mtaji unabaki kwa awamu ijayo na kinachotolewa kinaonekana kwa macho. Ila kama karatasi ya mahitaji inasema ndoo za kunawia au khanga, uzeni vyote, ondoeni mtaji kwanza, kisha nunueni kilichoandikwa.

Adui wa mauzo ni mali kauli. Mwanafunzi anachukua vipande ishirini kwenda navyo Gungu, shangazi anachukua vitano atalipa Jumamosi, na Jumamosi haifiki. Toeni vitano kwa kila muuzaji, asaini daftari, na asipewe vingine mpaka fedha ya vile vya kwanza imeingia. Siku za kuuza zifuate mwezi: giza linapoingia na dagaa wanapovuliwa, Kibirizi na Katonga huwa na fedha mkononi.

Fedha ihesabiwe na watatu kwa pamoja: mhazini, katibu na mwalimu mlezi, siku ileile, mbele ya daftari. Iende benki kwenye akaunti ya shule siku ya kazi inayofuata. Isilale kwenye simu ya mwalimu, hata awe mwaminifu namna gani, maana siku simu ikiibwa hakuna atakayeweza kumtetea. Mkipokea kwa simu, iwe lipa namba yenye jina la shule. Kutoa fedha kwenye akaunti kunahitaji muhtasari wa kikao na sahihi, na huchukua siku, kwa hiyo ombi liandikwe wiki tatu kabla ya safari. Safari nyingi huahirishwa kwa hili tu.

Siku ya kupeleka, kumi wanatosha. Wanaobaki wana kazi yao: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi kitaifa, na mtaro wa soko unawangoja. Nendeni saa za kuona wagonjwa, mnawe mikono mnapoingia na mnapotoka, mwenye mafua abaki. Picha ni za sabuni na za wanafunzi. Uso wa mtoto aliyelazwa au anayeishi makaoni haupigwi, kwa sababu hatakuwa na nafasi ya kuukana atakapokua. Chukueni hati ya kupokelewa yenye idadi, jina, cheo na muhuri.

Kwa kidato cha tano na sita kuna mchango mwingine usiohitaji dumu wala akaunti, nao ni damu. Aliyefikisha miaka 18, mwenye kilo 50 au zaidi na afya njema, anaweza kuchangia. Mpango wa Damu Salama Kanda ya Magharibi una kituo chake Tabora, na kwa hapa mnaanzia hospitalini. Wale chakula na kunywa maji ya kutosha asubuhi hiyo. Wanaoanguka kwenye foleni, wengi wao hawajala.

Nakala ya hati ya kupokelewa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ndani ya siku tatu, kando ya ukurasa wa hesabu: vilivyotengenezwa, vilivyouzwa, vilivyoharibika, vilivyotolewa, mtaji uliobaki. Nakala nyingine ipelekwe sokoni kwa akina mama walionunua, na mwanafunzi aliyewauzia ndiye aisome.