Fufu na pamba: glukosi moja, viungo viwili

Dondoshea tone la iodini kwenye bonge la fufu (ugali wa muhogo) lililopoa: doa la buluu iliyokolea hadi nyeusi litatokea papo hapo. Dondoshea jingine kwenye pamba ya farmasi: itabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Wanga wa muhogo na selulosi ya pamba vyote vimejengwa kwa glukosi tupu. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba viumbe hai vimejengwa kwa sukari, protini, mafuta na asidi nukleiki, lakini asipojiuliza kwa nini fufu inameng'enywa tumboni na pamba haimeng'enywi, naona bado hajaingia kwenye biokemia.

Jibu liko kwenye kiungo, yaani namna glukosi moja inavyoshikana na nyingine. Uzito wa molekuli ya glukosi ni 180. Glukosi mbili zikishikana, hutoka molekuli moja ya maji yenye uzito wa 18, kwa hiyo ndani ya mnyororo kila glukosi huhesabiwa 162. Kaboni namba 1 hushikana na kaboni namba 4 ya jirani kupitia oksijeni. Oksijeni hiyo ikielekea chini ya pete ya glukosi, kiungo huitwa alfa: mnyororo hujisokota kama springi, glukosi 6 hivi kwa kila mzunguko, na iodini hujipanga katikati yake. Buluu hutoka hapo. Ikielekea juu, kiungo ni beta: mnyororo hunyooka, minyororo hulaliana na kushikana kwa viungo vya hidrojeni, unapata uzi mgumu ambao mtu hana kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) cha kuukata. Ng'ombe naye hana. Bakteria walio tumboni mwake ndio wanaomkatia.

Ukitengeneza Lugol, yaani mchanganyiko wa iodini wa kupimia, mwenyewe, yeyusha kwanza gramu 2 za iodidi ya potasiamu katika mililita 5 hivi za maji, ndipo uweke gramu 1 ya iodini, koroga hadi iishe, halafu jaza maji hadi mililita 100. Ukianza na maji mengi, fuwele za iodini zitalala chini ya chupa bila kuyeyuka. Tumia chupa ya kahawia, na kabla ya kupima izimue mara 10 hadi ifanane na chai nyepesi.

Fufu ya moto hudanganya: joto hulegeza springi, iodini hutoka na rangi hupotea, kisha hurudi ikipoa. Karatasi ya daftari nayo hudanganya. Ni selulosi, lakini mara nyingi kiwandani hupakwa wanga ili wino usisambae, kwa hiyo huweza kugeuka buluu. Pamba ni shahidi mwaminifu zaidi.

Sasa leta mate. Chemsha gramu 1 ya unga wa muhogo katika mililita 100 za maji, acha upoe hadi uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37. Weka mililita 5 kwenye neli mbili. Ya kwanza iongezee mililita 1 ya mate. Ya pili mililita 1 ya mate yaliyochemshwa. Kila dakika toa tone moja, ulichanganye na iodini kwenye sahani nyeupe. Ya kwanza itatoka buluu, ipite zambarau na wekundu wa kahawia, hadi ibaki rangi ya chai. Ya pili itabaki buluu, maana joto limeharibu umbo la amilase, kimeng'enya cha mate kinachokata wanga, na kimeng'enya bila umbo lake hakikati kitu.

Kilichozaliwa ni maltosi hasa, sukari ya glukosi mbili. Ithibitishe kwa Fehling, kipimo cha sukari zenye ncha iliyo huru kuitikia, chenye vimiminika viwili: mililita 1 ya A na 1 ya B, uzichanganye wakati huohuo wa kupima, weka sampuli, tumbukiza neli kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5. Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na joto hilo linatosha. Ukiona mashapo mekundu kama tofali, sukari ya aina hiyo ipo. Sukari ya chai haitatoa rangi hiyo, kwa sababu glukosi na fruktosi zimefungana kwa ncha zao zote mbili zenye uwezo wa kuitikia. Ichemshe kwanza na asidi hidrokloriki nyepesi, kisha utie bikaboneti hadi mapovu yakome. Asidi ikibaki, Fehling haifanyi kazi, na watu huilaumu chupa.

Kiungo cha beta kinatuhusu zaidi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Linamarini ya muhogo ni glukosi iliyofungwa kwa kiungo hicho kwenye kipande chenye sianidi. Yenyewe hukaa kwenye vakuoli, kifuko cha maji ndani ya seli, na linamarase, kimeng'enya cha kuikata, hukaa kwenye ukuta wa seli. Jani likiwa zima havikutani. Kinu huvikutanisha: glukosi hukatwa, na sianidi ya hidrojeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, huanza kuondoka. Anayetumbukiza majani mazima kwenye maji ya moto ili yalainike huua linamarase kabla haijafanya kazi, huku linamarini ikivumilia joto. Akifanya hivyo, maji yale ayamwage. Bora ni kutwanga hadi laini, kuacha kidogo, kisha kuchemsha bila kifuniko mahali penye hewa.

Mizizi michungu inadai siku 3 au zaidi ndani ya maji, hadi ilainike. Sianidi kidogo inayobaki mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, yenye sumu ndogo zaidi, kwa kutumia salfa ya metionini na sisteini, asidi amino ambazo muhogo unazo kidogo sana na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanazo vizuri. Konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu unaojulikana sana Kahemba kule Kwango, jimbo la Kongo, huwapata wanaokula muhogo mchungu ulioloweshwa siku chache, wiki baada ya wiki, bila samaki wala nyama.