Kutoka Pumwani hadi Kenyatta na habari za Elizabeth Blackwell

Tulipanda matatu Eastleigh asubuhi na mapema, mimi na binti ya kaka yangu, makanga akipiga bodi kofi na kutusukuma ndani: "Songeni mbele, mbele kuna nafasi!" Nafasi haikuwapo. Tulikuwa na mambo mawili siku hiyo. Kwanza tupitie Hospitali ya Pumwani, dada yake mkubwa alikuwa amejifungua alfajiri. Kisha twende Hospitali ya Kenyatta, kwenye shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa sababu binti huyu ameitwa kusomea udaktari na alitakiwa kupeleka stakabadhi zake.

Kwenye jamu akaniambia, "Shangazi, hebu nisimulie tena habari za yule daktari wa jicho moja."

Huyo ni Elizabeth Blackwell, aliyezaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1821, na kuhamia Marekani na wazazi wake akiwa na miaka 11. Udaktari haukuwa ndoto yake ya utotoni. Mwenyewe aliandika kwamba mambo ya mwili na maradhi yalimchukiza. Kilichomgeuza ni rafiki aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa tumbo la uzazi, aliyemwambia kuwa mateso yake makubwa yangepungua kama angetibiwa na mwanamke mwenzake. Mtu yeyote aliyewahi kusindikiza mama au dada kliniki, akamwona anavyoinamisha uso asiweze kusema kinachomsumbua, anajua rafiki yule alikuwa anazungumzia nini.

Aliandikia vyuo vingi na vikamkataa. Wako waliomshauri ajivike mavazi ya kiume aende kusomea Paris. Akakataa, na hapo ndipo ninapompendea. Mwaka 1847 chuo cha Geneva, jimbo la New York, kiliwaachia wanafunzi wake waamue, wote wanaume. Wakadhani ni mzaha, wakapiga kura ya ndiyo. Tarehe 23 Januari 1849 alihitimu, mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwenye shahada na makofi. Mimi naona kazi yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Tukashuka Barabara ya Jenerali Waruinge na kuingia Pumwani. Hospitali hii ni ya tangu 1926, na si ajabu ukisimamisha watu kumi barabarani Nairobi ukapata aliyezaliwa humo au aliyezalia humo. Wodini tulimkuta mzazi amechoka lakini ana furaha, na kitoto kimefungwa shuka kimebaki uso. Nikamwambia binti, "Mtazame macho." Kope zilikuwa bado zinang'aa mafuta. Muuguzi aliyekuwa akipita akaeleza kwamba ni marhamu ya tetrasaiklini, kila mtoto hupakwa akishazaliwa, kwa sababu mama akiwa na kisonono, hata asichokijua, mtoto huweza kukipata machoni wakati wa kuzaliwa na kupofuka.

Ugonjwa huo wa macho ndio uliompata Blackwell. Baada ya Geneva alitaka kujifunza zaidi, akaenda Paris, na hospitali ya uzazi ya La Maternité ikakubali kumpokea kama mwanafunzi wa ukunga tu. Ana shahada ya udaktari mkononi, lakini akakubali kulala bwenini na wasichana waliokuwa wanajifunza kuzalisha. Novemba 1849 alikuwa anasafisha macho ya kichanga mwenye maambukizi, yale maji yakamrukia jicho la kushoto. Jicho likapofuka, baadaye likatolewa. Ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji ikaisha hapo. Kinga ilikuja miaka 31 baadaye, mwaka 1880, daktari Mjerumani Carl Credé alipoanza kuwadondoshea watoto wa Leipzig dawa ya nitrati ya fedha machoni. Binti alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kidole cha mpwa wake, hakuniuliza neno.

Kutoka Pumwani tuliingia mjini, tukabadilisha gari pale Railways kwenda Kenyatta. Njiani nikamalizia. Blackwell alirudi New York mwaka 1851, wenye nyumba wakakataa kumkodishia chumba cha kutibia wagonjwa. Mwaka 1857, yeye na mdogo wake Emily na Marie Zakrzewska, wote madaktari, wakafungua hospitali ya wanawake na watoto maskini. Mwaka 1868 wakaongeza chuo cha udaktari cha wanawake. Baadaye Rebecca Cole, daktari Mmarekani mweusi, alifanya kazi hapo ya kuzunguka kwenye vyumba vya maskini akiwafundisha akina mama usafi na kulea watoto. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita vichochoro vya Mathare leo na mikoba yao wanafanya kazi ya ukoo huo huo.

Chuo kile cha wanawake kilifungwa 1899, Chuo Kikuu cha Cornell kilipokuwa kimeanza kupokea wasichana kwenye udaktari. Sioni kama kilishindwa. Kilijengwa kwa sababu milango mingine ilifungwa, na mmoja ulipofunguka wanafunzi wakahamishiwa huko.

Tulifika Kenyatta jua limeshakuwa kali. Hospitali ilianza 1901, lakini shule ya udaktari ni ya 1967. Foleni ya stakabadhi ilikuwa ndefu na wasichana walikuwa wengi. Nikamuuliza, "Daktari mwanamke wa kwanza wa Kenya unamjua?" Akatikisa kichwa. Nikamtajia: Ng'endo Mwangi, aliyehitimu Smith College, Massachusetts, mwaka 1961, kisha akasomea udaktari. Chuoni kule kuna kituo cha utamaduni chenye jina lake. Iliniuma, na nilimwambia hivyo, kwamba huko Marekani jina lake liko kwenye jengo, na msichana wa Nairobi aliyeitwa kusomea kazi ile ile hajawahi kulisikia shuleni.

"Shangazi, na yeye nitamsoma wapi?" akauliza. Nikamwambia aanzie maktaba ya chuo, akikosa awaulize madaktari wazee kabla hawajastaafu wote. Karani akaita nambari yake.