Miaka miwili na miezi minne nikishika nyumba peke yangu, Mwakirunge

Watu wakisikia Mombasa wanafikiria feri na Nyali na Mji wa Kale, sisi tuko Mwakirunge, Kisauni huku ndani kabisa, bado ni mashamba na minazi na mihogo, na ukitaka kwenda kuuza kitu Kongowea unatoka nyumbani alfajiri. Baba watoto alienda Doha mwezi wa 8, 2022, ile miezi ya mwisho kabla ya Kombe la Dunia, kazi ya ulinzi, kandarasi ya miaka miwili. Aliniacha na watoto watatu, wa mwisho ana mwaka mmoja ndio kwanza anajifunza kusimama, mavyaa yangu, mamake mume wangu, nyumba ya pili, mbuzi saba, kuku, na minazi 24. Naandika hii manake najua wenzangu wengi huku pwani waume wako Qatar ama Saudia, na mambo mengi nliyajua nshaumia tayari.

Kulima najua, mbuzi nimekua nao. Kilichonishinda mwaka wa kwanza ni kuamua. Kila kitu nlikuwa nangoja simu. Saa za Doha na zetu ni moja, hilo lilisaidia, lakini yeye alikuwa shifti ya masaa kumi na mbili, akitoka jioni basi liwarudishe kambini, aoge, apike, mpaka apatikane ni saa tatu u nusu usiku na amechoka hata kuongea ni shida. Sa mimi nimekaa na maswali yangu ya siku nzima, mbuzi anahara nimwite daktari ama nisubiri, mkwezi aje wiki hii ama ijayo, shuleni wanataka hela ya mitihani. Na yeye hamwoni mbuzi, hauoni mnazi, ataamua vipi? Anasema ngoja kesho nifikirie. Kesho yake mbuzi kafa. Yule mbuzi alikuwa na mimba, nliumia sana, nlilia mpaka mavyaa akanifuata bandani.

Pesa nayo ilikuwa inapitia kwa shemeji yangu, ndivyo walivyokubaliana ndugu wawili kabla hajasafiri. Shemeji hakuwa mwizi, nataka hilo lijulikane, kila shilingi ilifika. Lakini ilibidi niende kuomba hela ya sabuni na nieleze sabuni ya nini, mtu mzima na watoto watatu. Nlivumilia miezi saba, alafu nkamwambia baba watoto ukweli, hii haitaki. Hakukasirika kama nlivyoogopa, alisema tu mbona hukusema mapema. Kuanzia hapo ikawa inaingia kwa M-Pesa yangu, na mimi ya mavyaa namtolea siku hiyo hiyo, namkabidhi mkononi, silali nayo.

Sasa paa.

Nyumba yetu ni ya udongo na makuti, na makuti yalikuwa yamechoka. Masika ya 2023 yakaanza kuvuja, mahali pawili tu, nkaweka sufuria. Nkamwambia. Yeye ndoto yake ni nyumba ya mawe na mabati, ndio kilichompeleka Doha, akanambia usitie pesa kwa makuti, ni kupoteza, vumilia kidogo ntatuma tuweke mabati mara moja. Nkavumilia. Ikaja ile mvua ya mwezi wa 11, ya El Niño, wale wa huku mnaikumbuka. Usiku mmoja nliamka maji yanadondoka juu ya mtoto, kwenye shingo, yeye amelala tu hajui. Nkawahamisha wote watatu kona moja, mvungu wa kitanda nkaweka madaftari ya shule, mwenyewe nkakaa kwenye kigoda nimeshika beseni mpaka adhana ya asubuhi. Mavyaa alipokuja akasimama mlangoni akaangalia sakafu ilivyokuwa tope, akanambia, "Mwanangu, kule aliko hakunyeshi. Weka makuti."

Nliweka makuti. Sikupiga simu.

Nliuza mbuzi wawili, shilingi 14,000. Nkaita mkwezi akakwea minazi yote, nazi 260, dalali akachukua kwa shilingi 20 moja na nkasimama pale nikihesabu pamoja na yeye, nazi kwa nazi, hiyo ni 5,200. Makuti nlichukua 900 kwa shilingi 15, ni 13,500, fundi 4,000, kamba na fito 2,000. Ukijumlisha inapita kidogo na hiyo kidogo nlitoa kwa hela yangu ya chama. Fundi alipokuja mara ya kwanza alinisalimia vizuri alafu akauliza, "Baba yuko wapi, nipatane naye?" Nkamwambia utapatana na mimi. Akasema basi atarudi baba akipatikana kwa simu. Akaenda kweli! Alirudi baada ya siku mbili manake kazi zilikuwa hazipo, tukapatana.

Kwa mwenye makuti anayesoma, sikiza hapa. Fundi akitaka kumaliza haraka ama kukuokolea hela anaachanisha safu, kuti na kuti zinakuwa mbali, na ukiwa chini nje huoni tofauti, paa linapendeza tu. Tofauti unaiona ndani. Mchana jua likiwa juu ingia, funga mlango na dirisha, subiri macho yazoee giza alafu angalia juu. Penye tundu utaona nuru kama nyota. Mimi nlikuwa na fito mrefu, kila nikiona nyota nagusa pale kwa ndani napiga kelele "hapa!" na fundi juu anabananisha ama anaongeza kuti. Siku ya kwanza nliona nyingi sana. Siku ya tatu nliangalia mpaka shingo ikauma nkaona mbili tu, zote karibu na mgongo wa paa, nazo zikazibwa. Maji yakija kwenye paa lililosimama wima na makuti yamebanana yanateleza tu, hayapati nafasi ya kuingia. Alafu usingoje mawingu, mvua ikikaribia kila mtu anataka makuti.

Nlimwambia baba watoto baada ya kumaliza, nkamtumia na picha. Akanyamaza siku mbili. Mimi sikulala vizuri hizo siku, lakini nlikuwa nalala pakavu. Siku ya tatu akatuma voisi ndefu, hakunigombeza, alisema aliumia manake aliona kama nyumba yake inaendelea bila yeye. Nlielewa. Nkamjibu kwamba mabati bado tunayataka wote wawili, lakini watoto walikuwa wananyeshewa. Tukakubaliana tangu siku hiyo, kitu cha chini ya elfu tano naamua alafu namwambia, cha juu tunaongea, na kama ni mgonjwa ama maji yanaingia ndani siulizi mtu.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa riyali na wengi wenu mtakuwa mmeupitia bila kujua chanzo. Yeye anatuma riyali 700 kila mwezi. Mwezi wa kwanza 2024 zilikuwa zinaingia karibu elfu 30. Kufikia mwezi wa 8 zikawa elfu 24 na kitu. Nkamuuliza umepunguza mbona, akasema sijapunguza, nkamwambia simu yangu haidanganyi, yeye akaapa, tukakaa wiki nzima hatuongei vizuri na mimi nshaanza kuwaza mambo ya ajabu, labda kuna mtu huko. Kumbe ni shilingi ndio iliyopanda. Mwanzo wa 2024 dola ilifika kama shilingi 160, alafu ikashuka mpaka karibu 130, na riyali imefungwa kwa dola, 3.64 siku zote, kwa hivyo dola ikishuka hapa riyali nayo inashuka. Aliyenieleza ni kijana wa duka la M-Pesa, kwa dakika tano! Tangu siku hiyo daftari langu lina mistari miwili, riyali alizotuma na shilingi zilizoingia, na yeye ananitumia picha ya risiti. Nliomba msamaha kwa kumshuku na nliomba kwa moyo.

Kuku nao. 2023 walikufa 31 kwa wiki moja, wanasinzia, kinyesi kijani, wengine shingo inapinda nyuma. Ni kideri, wengine huita Newcastle. Chanjo yake ipo na ni rahisi, shida chupa moja ni ya kuku mia na ukiifungua haikai, huwezi kubakisha ya kesho. Sa tuko kina mama sita, tunachanga, mmoja anaenda agroveti na chupa ya chai yenye barafu ndani, anairudisha baridi, na tunapita nyumba kwa nyumba alfajiri kuku hawajafunguliwa. Tone moja jichoni, subiri apepese, mwachilie. Kila miezi mitatu. Ukichelewa wakishaanza kuugua haisaidii tena. Tangu hapo sijapoteza banda zima.

Kuna mambo ya mpaka pia, jirani alisogeza ua hatua kama nne akijua mwenyewe hayupo. Sikugombana naye. Nliita mzee wa mtaa na mavyaa yangu, yeye ndiye anajua ule mnazi wa mpakani ulipandwa na nani, akaelezea na ua ukarudi. Usiende peke yako kwa mambo ya mpaka, nenda na mtu aliyekuwepo wakati mnazi unapandwa.

Alirudi likizo mwezi wa 12, 2024. Mtoto wa mwisho alimkimbia siku tatu, alikuwa anamjua wa kwenye simu tu, huyu mrefu mwenye mikono hamjui. Mume wangu alikuwa anakaa barazani anamwacha amzunguke kwa mbali. Usiku wa kwanza alilala chali akaangalia juu muda mrefu, akauliza makuti mangapi, nkamwambia 900, hakusema kitu, akanishika mkono.

Wiki hiyo mkwezi akaja asubuhi na kamba yake, akamkuta barazani, akamwamkua akamuuliza leo tukwee mingapi. Mume wangu akamwambia, "Muulize mamake." Nkatoka jikoni nkamwambia kumi na sita, ile minane ya kule kisimani nazi zake bado changa.