Samaki wa Mikindani Aliyeyakimbia Maji

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa malema, ile mitego ya samaki, kwenye hori ya Tudor, na likizo moja ya Agosti alikubali kutuchukua mimi na mdogo wangu. Tuliondoka upande wa Mikindani asubuhi, maji yameshaanza kupwa. Ilikuwa bamvua, na nyakati hizo bahari ya Mombasa hushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mjomba alipiga upondo kwa haraka. Lakini lema moja lilikuwa limenasa kwenye mizizi ya mkoko. Alipomaliza kulinasua, mtumbwi ulikuwa umekaa juu ya matope.

"Basi, sasa twangoja maji," akasema, akajilaza na kujifunika kofia usoni.

Mwanzoni niliona matope tu, na mizizi ya michu, mikoko ya aina moja, iliyochomoza kila mahali. Kisha kitu kikaruka.

Alikuwa samaki mdogo, si mrefu kuliko kidole, rangi yake ni ya matope yale yale, macho yamekaa juu kabisa ya kichwa. Yu nchi kavu na wala hatapitapi. Alitupa mapezi mawili ya mbele kwa pamoja, akayaegemea, mwili wote ukapita katikati yake, mkia ukaburuzika nyuma. Akarudia. Alikuwa akitembea kama mtu wa magongo mawili, na alikuwa na safari yake. Akitaka kwenda mbio zaidi aliupinda mkia ubavuni, akajifyatua, akaanguka mbele kwa tumbo.

Mdogo wangu alicheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Mimi nilishikwa na macho ya yule samaki. Kila mara yalizama ndani ya kichwa, yakatoweka, kisha yakaibuka yanang'aa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba samaki huyu hana machozi. Chini ya jicho pana kishimo chenye unyevu, naye hulichovya jicho humo. Na kule kujilaza ubavu kwenye vidimbwi, jambo ambalo siku ile tulidhani ni mchezo, ni kuilowesha ngozi. Hupumua kwa ngozi hiyo na kwa utando wa ndani ya kinywa, mradi visikauke. Nilifurahi sana kulijua hilo, maana kila kichekesho tulichokiona kilikuwa na kazi.

Na kaa je! Kando ya mashimo yao walisimama kaa wadogo wa gando moja kubwa, wengine la kulia, wengine la kushoto. Mmoja alilipandisha gando, akalishusha, jirani yake akaitikia, na mara ufuo mzima ukawa unapunga. Hao ni madume. Wanawaita majike na kuwatisha wenzao. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa yote mawili, mkono huu mkono huu, upesi upesi. Dume hula kwa lile dogo peke yake, kubwa analibeba tu. Mdogo wangu alinyanyua mkono kuwapungia, kivuli chake kikawapitia, na pale pale hapakuwa na kaa hata mmoja. Ilitubidi tukae kimya muda mrefu ndipo mmoja akachungulia.

Kicheko kilimwamsha mjomba. "Mwamcheka samaki?" akasema. "Ngojeni maji yaje, mtaona."

Maji yalikuja, yakajaza vijia vya matope kwanza. Nilitazamia samaki wote watumbukie ndani. Wakafanya kinyume chake! Walianza kuelekea kwenye mikoko, wengine wakirukaruka juu ya maji, na walipofika kwenye mizizi wakapanda. Kweli, walipanda, wakijishika kwa mapezi ya tumboni, wakasimama pale juu kidogo ya maji. Maji yakiongezeka nao hupanda tena. Samaki wanayakimbia maji! Mpaka leo sijaona mnyama aliyenishangaza kuliko hao, na nimeshatazama twiga na viboko wa Haller Park.

Tulipofika nyumbani mdogo wangu alijitupa mkekani, akatupa viwiko vyote viwili mbele, akajivuta, huku akifumba na kufumbua macho.

"Ewe, wajichafulia nguo bure. Mnyama gani huyo?" Mama akauliza.

"Samaki."

Mama akamgeukia mjomba. "Kaka, hebu nambie, umewapa nini watoto?"

"Ni kweli, dada. Yuwatembea. Na mti yuwapanda."

Mama amezaliwa Mombasa, lakini hakuwahi kuingia mikokoni. Bamvua iliyofuata alikuja nasi. Alikaa mtumbwini ameukunja buibui magotini, na samaki wa kwanza aliporuka alimkamata mjomba mkono, akamuuliza kama wanalika.

"Hawana nyama hao, dada," mjomba akajibu, naye Mama hakumsikia, alikuwa tayari anacheka.