Kumbukumbu ya mradi: antena moja Tanga, nyingine Bagamoyo

Hatua ya uwanjani imekamilika, na imenijibu swali la msingi: ukitaka antena mbili zikupe njia mbili za data kutoka setelaiti, kwenye masafa yale yale, kinachoamua ni nafasi kati ya antena hizo.

Hapa Tanga ukimwambia fundi dishi kwamba picha inakatika, atakushauri ununue dishi kubwa au uongeze la pili. Kwa nguvu ya mawimbi, ushauri huo ni sahihi. Madishi mawili yanayofanana yakiunganishwa vizuri yanaongeza nguvu mara 2, yaani desibeli 3. Ila kanuni aliyoiandika mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon mwaka 1948 inaonyesha kuwa upande wa data faida ni ndogo. Mawimbi yakizidi kelele (mawimbi ya ovyo yanayoingilia) mara 10, kila hezi moja ya upana wa masafa inabeba hadi biti 3.46 kwa sekunde. Yakizidi mara 20, unapata biti 4.39. Nguvu imepanda kwa asilimia 100, data kwa asilimia 27 tu. Lakini ukipata njia ya pili inayojitegemea, setelaiti ikigawa nguvu ile ile kwa antena zake mbili na wewe ukapokea kwa mbili, unafika biti 6.92. Hapo ndipo nilipoamua kuukazania mradi huu.

Wi-Fi ya nyumbani inafaidika kirahisi kwa sababu mawimbi yanagonga kuta na makabati na kufika kwa njia nyingi. Setelaiti ya televisheni iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kati yake na paa langu hakuna ukuta. Madishi mawili juu ya paa moja yanasikia kitu kile kile. Hesabu inataka hivi: nafasi kati ya antena mbili za setelaiti, mara nafasi kati ya antena mbili za ardhini, iwe sawa na nusu ya urefu wa wimbi mara umbali wa kwenda juu. Kwa gigahezi 12 wimbi lina sentimita 2.5, na jibu ni mita za mraba 450,000. Antena za setelaiti zikiachana mita 3, za ardhini ziachane kilomita 150. Nikafungua ramani. Kutoka Tanga hadi Bagamoyo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 150! Tena mstari unakwenda karibu kusini moja kwa moja, kwa hiyo antena za setelaiti nazo zingepangwa kaskazini-kusini.

Setelaiti sina, ila uwanja wa mpira upo. Kwa gigahezi 2.4 wimbi lina sentimita 12.5, na kwa umbali wa mita 100 jibu ni mita za mraba 6.25. Upana wa goli ni mita 7.32, basi antena za kupokea nikazipandisha juu ya mianzi kwa upana huo, mbele kidogo ya nguzo. Upande wa pili nikafunga antena mbili za kurusha kwenye ubao wenye matundu kila sentimita 5, ili niweze kuzisogeza.

Kwa sentimita 20, hesabu inasema njia ya pili iwe dhaifu karibu mara 29 kuliko ya kwanza. Vipimo vilikaa karibu na hapo, na nilipopunguza nguvu ya kurusha, njia hiyo ilizama kwenye kelele. Kwa sentimita 85 njia zote mbili zilikaribiana, na picha mbili tofauti nilizorusha kwa wakati mmoja zilifika safi. Kijana mmoja wa mazoezi ya jioni, aliyekuwa amenishikia mwanzi, akaniuliza, "Kaka, zimepitaje bila kuchanganyika?" Nikamwambia zimechanganyika kabisa. Ila zimechanganyika kwa namna tofauti kwenye kila mwanzi, na kompyuta ikizijumlisha kwa mpangilio fulani, moja inajifuta na nyingine inabaki.

Wenzangu wanahofia saa: vituo viwili vilivyo mbali vitaendaje sawa? Jibu lake linanifurahisha sana. Saa ya Bagamoyo ikiyumba kidogo, inayumbisha mawimbi ya antena zote mbili za setelaiti kwa kiasi kile kile, hivyo kuyatenganisha bado kunawezekana mradi kompyuta iwe inaufuatilia huo myumbo. Wingu nalo ni hivyo hivyo, kwa kuwa mawimbi yote mawili yanapita humo humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jeshi la Ujerumani, Munich, wamelichambua jambo hili kwa undani. Mvua ndiyo tatizo la kweli, kwa sababu kwenye gigahezi 12 inakula nguvu. Lakini masika ikimwaga Tanga, Bagamoyo inaweza kuwa kukavu saa hiyo hiyo.

Ndicho tutakachopima sasa. Rafiki yangu wa Bagamoyo ana dishi la sentimita 90 kama langu. Tutarekodi chaneli ile ile ya televisheni wakati mmoja, kila kituo kikiwa na saa inayoongozwa na GPS, halafu tulinganishe nguvu za mawimbi siku za mvua. Saa ya Tanga nimeshaifunga. Ya Bagamoyo naipeleka mwenyewe, pamoja na LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) inayokubali saa ya nje, ili zote mbili zifungwe kabla masika haijaanza.