Kumi bora za Remmy kwenye mlango wa fundi redio

Jumamosi, 13 Desemba, usiku

Leo nimeshona kaptula 11 za kaki na sketi 6 za bluu, na foleni ya sare bado haijapungua. Desemba hapa Mtwara ndivyo ilivyo: hela ya korosho ikishaingia, kila mzazi anakumbuka kwamba Januari shule zinafunguliwa. Lakini sikukaa kuandika habari za sare. Nataka kuandika ule ubishi wa barazani kabla haujanitoka, maana mwaka huu na mimi niliingia, tena kwa sauti.

Cherehani yangu ipo baraza moja na kibanda cha fundi redio, huku Chikongola. Fundi ni mtu wa miaka sitini na kitu, na bado anapokea redio kaseti zilizokwisha kukatiwa tamaa na wenyewe. Kila ifikapo tarehe 13 Desemba, siku aliyofariki mwanamuziki Remmy Ongala mwaka 2010, huufuta mlango wa kibanda kwa kitambaa chenye maji, akaandika kwa chaki namba 1 hadi 10, kushuka chini. Kila anayekaa ana haki ya kutaja nyimbo zake tatu. Sharti ni moja tu: usitaje wimbo usioweza kuutetea.

Miaka yote nimekuwa nikisikiliza huku mguu upo kwenye pedali. Nawajua kwa hoja zao kuliko kwa sura zao. Mzee muuza kahawa hutanguliza "Kifo", na hajawahi kuyumba. Aliwahi kuishi Dar es Salaam, Sinza, jirani na pale ambapo kituo cha daladala mpaka leo kinaitwa Kwa Remmy, na anapomzungumza marehemu humzungumza kama jirani aliyemdai chumvi. Mwalimu mstaafu yeye ni wa "Mnyonge Hana Haki". Leo alisimama kabisa. Akasema kifo kila mtu anakiogopa, na mwimbaji yeyote mwenye sauti nzuri akikiimba watu watalia. Lakini kusimama jukwaani, wenye nacho wamekaa viti vya mbele, ukawaambia kwamba mnyonge hana haki, hapo panataka kifua.

"Mwalimu," mzee wa kahawa akamjibu huku anamimina, "huyo mnyonge wako naye si atakufa?"

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akakaa, ila hakukubali.

Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye Remmy anafariki yeye alikuwa bado anajifunza kusoma, akauliza kwa nini tunamwita wetu na alikuwa Mkongo. Hilo swali lilimpa mwalimu nafasi ya kufundisha, na mwalimu akipewa nafasi haiachi. Akaeleza kwamba Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila, ile bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila. Muziki wake mwenyewe aliuita ubongo beat. Mwalimu akasema neno hilo ndilo jibu: wengine walitaka muziki uingie miguuni kwanza, yeye akataka upitie kichwani. Kijana akatikisa kichwa, akaandikisha "Karola". Alipoulizwa utetezi akasema, "Gitaa lile, wazee wangu. Nikiwa barabara ya Mikindani usiku peke yangu nataka lile gitaa." Fundi akauandika namba 4 bila kumsumbua. Mimi naona ulikuwa utetezi bora kuliko wa mwalimu.

Palipochacha ni kwenye rekodi. Mwaka 1988 Remmy na wenzake walikwenda Ulaya kwa mwaliko wa tamasha la muziki la WOMAD, na mwaka uliofuata santuri yao ya Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, iliyorekodiwa kwenye studio zake huko Uingereza. Mwaka 1992 ikafuata Mambo. Sasa fundi hataki kuzisikia. Anasema Matimila ni ile iliyorekodiwa Dar, magitaa yamebanana kama abiria wa lori, sauti inapasua katikati, na wewe msikilizaji unatafuta pa kusimama. Za Uingereza, anasema, zimeoshwa mno. Mwalimu yeye kinachomkera ni Kiingereza alichoingiza Remmy kwenye Mambo. Nami, kwa kuwa ninaandika kwangu, niseme nisichomwambia fundi: mimi nazipenda za Uingereza. Unasikia kila gitaa linapoingia na linapotoka, kama vazi ulilogeuza ndani nje ukaona mshono wote. Mtu aliyeimba maisha yake yote kuhusu watu wasiosikilizwa alistahili walau mara moja kurekodiwa ili kila neno lisikike.

Wakabishana pia kama nyimbo za injili za miaka yake ya mwisho zihesabiwe. Nilidhani mzee wa kahawa, mtu wa swala tano, ndiye atakayezikataa. Akasema, "Zihesabiwe. Maisha ya mtu hayakatwi nusu ukachukua ile unayoitaka." Haikupatikana iliyoingia kumi bora, lakini haki ya kutajwa zilipewa.

Saa tisa alasiri namba 7 ilikuwa bado wazi. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, watu wamesogea ndani ya baraza, wengine wamekalia mabunda yangu ya kaki. Nikajisikia nasema, "Mambo kwa Soksi."

Kimya. Si kimya cha kufikiri. Mzee wa kahawa akaangalia vikombe vyake. Pale barazani palikuwa na watoto wamekuja kupimwa sare, na wimbo wenyewe kila mtu anaujua unazungumzia nini: soksi ile si ya mguuni, ni kondomu. Remmy aliutoa mwanzoni mwa miaka ya 90, wakati UKIMWI, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, ulikuwa umeshafika kila mkoa, na watu bado wanautaja kwa kuzunguka. Redio ya taifa haikuupiga. Na siku hizo hapakuwa na redio ya binafsi ya kukimbilia. Radio One ilikuja 1994. Kwa hiyo wimbo ulitembea kwa kaseti, mtu akimrekodia mtu, rekodi ya rekodi ya rekodi, mpaka sauti inakuwa kama inatokea chini ya maji.

"Dada fundi," mzee akasema kwa upole, "ule si wimbo wa kupangia namba."

Nikamwambia, "Baba, kwa heshima, kwa nini? Kifo mmekipa namba 1. Huu unazungumzia kifo hicho hicho, tena umesema mtu afanyeje."

Sikupanga kuendelea, ila niliendelea. Nikawaeleza habari za kaka yangu, ambazo kwa miaka 30 sijawahi kuzieleza barazani. Kaka alikuwa utingo wa malori ya Dar. Zama hizo Daraja la Mkapa halijajengwa, hilo limefunguliwa 2003. Mto Rufiji unavukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua ikinyesha magari yanalala foleni siku mbili, tatu, wakati mwingine juma zima. Watu wakilala njiani juma zima, maisha yote hufanyika hukohuko. Huko ndiko alikoupata wimbo, amerekodiwa na dereva mwenzao kwenye kaseti ya dakika 60. Akaja nao nyumbani, akaupiga mara moja, nami nikiwa mdogo nikacheka kwa sababu ya neno soksi. Mama akauzima. Hakugomba, aliuzima tu, akampa kaka kaseti mkononi. Kaka akaandika juu yake kwa kalamu ya wino "Matimila – mchanganyiko", ili mgeni akiiona isimwambie kitu.

Alifariki 1995, ana miaka 26. Nyumbani tulisema kifua. Majirani waliuliza, tukasema kifua. Mimi nilikuwa darasa la tano, nami nikasema kifua shuleni, nikiwa najua. Tuliliosha lile shuka, tukamlisha uji, tukampenda, yote hayo ni kweli. Lakini jina la ugonjwa hatukulitamka mbele yake hata siku moja, wala yeye hakututamkia. Mtu pekee aliyelitamka waziwazi ndani ya nyumba yetu alikuwa Remmy, mle kwenye kaseti, na kaseti tulikuwa tumeizima.

Hakuna aliyenijibu kwa muda. Kisha mwalimu, ambaye hawezi kukaa na jambo bila kuliuliza, akaniuliza kama kaseti ninayo. Ninayo. Fundi aliibadilishia kile kisponji cha ndani miaka kadhaa iliyopita bila kujua kilichomo. Akauliza, wimbo wote umo?

Nikalazimika kusema kweli. Haumo. Upande wa kwanza uliisha kabla wimbo haujaisha. Mkanda unakatika katikati ya neno, magitaa bado yanakwenda.

"Basi hujawahi kuusikia wote," mwalimu akasema. "Utautetea vipi wimbo usioujua mwisho wake?"

Wengine walimnyamazisha, wakaona ananionea. Mimi sikuona hivyo. Lilikuwa swali la haki, na lilinichoma kwa sababu sina jibu zuri. Simu ninayo, na nyimbo zote za dunia zimo humo. Ningeweza kuusikiliza siku yoyote. Kila nikitaka nasitasita. Kwangu mimi wimbo ni ule unaokatika. Ndio kaka aliokuwa nao, na hapo ulipokatikia ndipo naye alipokuwa akiishia kila alipousikiliza. Nikiusikia hadi mwisho nitakuwa nimekwenda mahali asipofika yeye. Hilo nalo nililisema, si vizuri kama nilivyoliandika hapa.

Fundi alichukua chaki. Kwenye namba 7 akaandika "Muziki Asili Yake Wapi", aliokuwa ameutetea tangu asubuhi. Halafu akaushusha mkono pembeni, karibu na bawaba, penye nafasi, akaandika "Mambo kwa Soksi" bila namba. Mzee wa kahawa akasoma, akamwambia auandike kwa herufi kubwa kidogo, yeye macho yake hayaoni vizuri. Fundi akafuta kwa kiganja, akaandika upya kwa herufi kubwa.

Watu walitawanyika ilipokaribia magharibi. Nilibaki kumalizia pindo za sketi mbili za mama mmoja wa Shangani aliyeahidi kuzifuata usiku. Kijana wa bodaboda naye alibaki, anasubiri mvua ipungue. Akakaa juu ya bunda la kaki, akaniuliza, "Anti, nikiutafuta hapa utakasirika?"

Nikamwambia autafute.

Akauweka kwa sauti ndogo, simu ikiwa juu ya meza yangu karibu na mkasi. Niliendelea kushona. Ulivyoanza tu nikaujua, ingawa huu ulikuwa safi, hauna maji. Maneno nilikuwa nayatangulia kichwani, moja baada ya moja, pamoja na mahali kaseti yetu inapokwaruza. Ulipokaribia pale unapokatika, nikasimamisha mguu.