Ilhan alipomwangusha Phyllis Kahn

Leo nimekumbuka Agosti 2016 pale Minneapolis, Marekani, tukipita ghorofa kwa ghorofa mtaa wa Cedar-Riverside kumwombea kura Ilhan Omar, aliyegombea kiti cha Bunge la jimbo la Minnesota. Akina mama wa Kisomali walitukaribisha chai ya maziwa, na wengine tuliongea nao Kiswahili kabisa, maana walipitia Kenya kama Ilhan mwenyewe, aliyeishi kambi ya wakimbizi huko miaka minne. Mpinzani wake aliyeshikilia kiti hicho, Phyllis Kahn, alikuwa Bunge hilo tangu achaguliwe 1972! Mama mchapakazi, namheshimu mpaka leo. Usiku wa matokeo ya mchujo wa ndani ya chama, Ilhan aliposhinda, nililia, jamani. Uchaguzi mkuu wa Novemba ulikuwa kumalizia tu. Ilhan alikaa muhula mmoja, 2018 akachaguliwa kwenda Kongresi, bunge la taifa la Marekani, na kiti kile akakichukua Mohamud Noor, ambaye Ilhan alimshinda pia kwenye mchujo ule ule.